Bi Harusi wa Tabata

Kadi ya gari ilikuwa na jina langu, limeandikwa kwa herufi kubwa, halina kosa hata moja. Umiliki wangu ulianzia hapo na ukaishia hapo hapo. Mengine yote, nani akae mbele, kioo kishushwe kiasi gani, tuende kwa nani na tusiende kwa nani, yaliamuliwa na watu ambao hata baiskeli hawajui kuendesha. Kama na wewe uliwahi kununua gari la kwanza huku una mke, watoto na wakwe, sogea tukae. Tunajuana.

Ilikuwa 2008. Gari lenyewe Toyota Corolla ya 1996, nyeupe, gia za mkono. Nililipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia mkoani. Kuagiza Japani kulitaka mfuko nisiokuwa nao, kwa sababu gari likiwa kuukuu, juu ya ushuru wa kawaida unaongezewa na ushuru wa uchakavu. Yaani unatozwa kwa kukosa hela ya gari jipya. Basi nikaingia SACCOS ya kazini kukopa, na kabla ya kufika SACCOS ilibidi nipite kwa Hazina.

Hazina ni mke wangu. Jina nilimpa mimi na amelipokea kwa mikono miwili. Wakati ule tulikuwa tumepanga Tabata, na nyumba yetu Kinyerezi ilikuwa imesimama kwenye lenta muda mrefu mpaka popo wakaizoea. Kwa Hazina, kununua gari kabla ya kupaua ni ulevi wa aina yake. Tulijadiliana wiki kadhaa. Mwisho akakubali kwa masharti: Jumamosi gari ni la kubebea vitenge vyake kutoka Kariakoo, mama yake akija afuatwe stendi ya Ubungo, na mtu asivute sigara ndani. Mimi sijawahi kuvuta sigara maishani mwangu, lakini nilikubali na hilo.

Siku gari lilipoingia uani, wa kwanza kulipokea alikuwa Injinia. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Hazina, aliyekuja mjini kutafuta chuo na mpaka leo hajakiona. Hajawahi kufungua hata mfuniko wa oili, ila ana sikio. Analaza kichwa juu ya boneti, anafumba macho, anasikiliza, kisha anatamka ugonjwa. Siku ile alisikiliza kwa heshima zote, akainuka, akanishika bega: "Shemeji, plagi." Kwa miaka yote tuliyokaa na gari lile, betri ikifa ni plagi. Pancha, plagi. Bajaji ilipotuvunjia taa ya nyuma, Injinia aliizunguka ile taa mara mbili, nikajua leo atakwama. Akasema huenda mshtuko umefika kwenye plagi.

Wa pili alikuwa Bi Mkubwa, mama mkwe, aliyefunga safari kutoka Muheza kuja kuona mkwe wake kapata nini. Akaingizwa siti ya nyuma, akajifunika vizuri ushungi, nami nikatia ufunguo. Kabla injini haijafanya lolote, sauti ya mwanamke, laini, ya adabu, ikasema maneno kwa Kijapani kutoka chini ya dashibodi.

"Marahaba mwanangu," akajibu Bi Mkubwa. "Hujambo?"

Kuanzia siku hiyo ikawa ada. Ukitia ufunguo, yule dada anasema yake, Bi Mkubwa anaitikia, ndipo tunaondoka. Injinia alieleza kwamba anatukumbusha kufunga mkanda. Binti yetu mkubwa, Trafiki (jina limetokana na tabia yake ya kunisomea sheria za barabarani kutoka nyuma), alisema anatutakia safari njema. Miaka ikapita, mpaka tulipompa lifti kijana mmoja aliyesoma Japani. Alisikia ile sauti akacheka hadi akashika mlango. Kumbe ni kile kifaa cha kulipia barabara za kasi za kwao, kinachojulisha kwamba kadi haijachomekwa. Mama wa watu alikuwa anatudai kadi ya kulipia barabara muda wote huo, na sisi tunamwitikia marahaba! Nilipomweleza Bi Mkubwa, alinitazama kwa huruma. "Huyo kijana hakusoma vizuri. Mtu asalimie kwa upole vile kumbe anadai?"

Redio nayo ilikuja na mambo ya kwao. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 yakakoma 90, yetu yanaanzia 88 kwenda 108. Kwa hiyo stesheni zilizoingia ni zile chache zilizojibana mwanzoni, na hizo ndizo zilizogombaniwa na familia nzima. Mimi nilitaka taarifa ya habari. Sikumbuki kuisikiliza.

Bi Mkubwa hakuondoka kabla ya kulifukiza gari. Alisema chombo kimetoka kwa watu, hakiingii nyumbani hivi hivi. Akapalia makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akakiweka katikati ya siti ya nyuma na kufunga vioo vyote. Moshi ukafanya kazi yake, na chetezo nacho kikafanya yake, maana alipokiondoa, siti ilikuwa na tundu la duara linaloingia ngumi. Hakuna aliyesema kitu. Mkwe hasemi kitu mbele ya mama mkwe, hili unalijua. Usiku ule Hazina alitoa mfuko wake wa vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekwa kwenye makochi wageni wakija, akafunika tundu. Kisha akaona kimoja kinakaa peke yake vibaya, akaweka na kwenye vichwa vya siti za mbele, na kwenye dashibodi, na juu ya redio. Vilikuwa vya rangi ya chungwa, vina kingo za kijani. Asubuhi naingia nikaenda kazini nimekaa sebuleni.

Sasa hili la jina. Miezi michache baadaye stata ilianza deko. Unawasha, linasema "tk", basi. Fundi wa kwanza akabadilisha betri, wa pili akabadilisha nyaya, wa tatu akanirudishia betri ya zamani na kuondoka na mpya. Ikawa kila asubuhi ni kusukuma. Trafiki na mdogo wake Honi, ambaye kazi yake alijipangia mwenyewe na jina likafuata, wanasukuma wakiwa na yunifomu. Hazina anasimamia kutoka kibarazani. Wapita njia wanatua mizigo wanasaidia. Bi Mkubwa alipoliona jambo hili akacheka: "Hili nalo ni bi harusi. Hatoki ndani mpaka asukumwe na wifi zake." Mtaa mzima ukalidaka. Nilipita barabara ya kwetu na suti yangu, watoto wanapiga vigelegele.

Ndipo jiografia ikaingia kwenye ndoa yangu.

Gari la namna hii linataka kulazwa kwenye mteremko. Unaachia hendibreki, linaserereka lenyewe, unatia namba mbili, unaachia klachi ghafla, linashtuka, linawaka. Humwombi mtu. Tabata tulikuwa na kijimteremko mbele ya duka la Mangi, tukakifanya kituo. Shida ilikuwa huko tunakokwenda. Kila mwaliko ulipokuja, Hazina alikuwa na swali moja: "Kwao kuna mwinuko?"

Tazama basi Mungu alivyowapanga watu katika jiji la Dar es Salaam. Ukoo wa Hazina wote wamejenga milimani. Shangazi yake yuko Kimara, kwenye kilima ambacho hata kuku hupanda kwa kupumzika. Binamu yake Makongo Juu. Mjomba Goba. Ndugu zangu mimi wako tambarare tupu: Magomeni, Mwananyamala, Ilala. Hesabu ikawa nyepesi. Nilikula biriani ya Kimara mpaka shangazi akanipangia kiti changu. Nilihudhuria ubarikio, kipaimara na maulidi za watu nisiowajua kabisa, mradi uwanja wao una mteremko. Hazina hakuwahi kusema neno baya juu ya ndugu zangu. Alisema tu, kwa sauti ya masikitiko, "Ila kule Magomeni ni flati sana, Baba Trafiki."

Dada yangu wa Magomeni tunamwita Bunge, kwa sababu akifungua kikao hakifungwi. Bunge aliweka kumbukumbu. Arobaini ya mjukuu hatukuja. Idi hatukuja. Alipougua mguu tulikuja kwa daladala tukakaa dakika ishirini. Kimara je? Kimara tuko kila Jumapili, kapata habari zote. Nilimweleza mambo ya stata na mteremko, akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mimi nimetengwa na damu yangu kwa sababu sina kilima?" Safari moja nikaamua liwalo na liwe, tukaenda Magomeni na gari. Kuondoka ikawa aibu. Wazee waliacha bao lao wakaja kusukuma, na Bunge mwenyewe akajifunga kanga kiunoni akashika buti, anasukuma huku anahutubia. Gari lilipowaka nilisikia bado anaendelea kuhesabu misiba.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, mtaani lilitufaa. Usiku wa saa nane mjumbe aligonga dirisha, mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Watu wakatoka na mataulo na vikoi, wakalisukuma, tukafika hospitali salama, mtoto wa kiume akazaliwa. Jirani alikuja baadaye kunishukuru, ana kuku wawili, akaniambia wamempa mtoto jina la Injinia. Injinia alikuwa amekaa mbele akimtuliza mama wa watu kwa kumwambia tatizo ni plagi.

Kwa nje, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa stika: ya bima, ya zimamoto, ya wiki ya Nenda kwa Usalama, na ile ya ada ya gari ya kila mwaka, roadi laisensi. Hii ya mwisho ndiyo iliyomuuma Hazina kuliko zote, kwani ililipwa gari litembee lisitembee. Bajeti ya 2017 ilipoifuta ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta badala yake, Hazina aliipokea kwa shangwe. Alikaa na kalamu akanionyesha kwamba gari likikaa limelala hatudaiwi hata senti, na kwamba kwa gari la namna yetu serikali imetupendelea wazi. Vioo vya pembeni na taa tulivichonga namba ya gari wezi wasivitamani. Kimoja kikaibwa na namba yake. Injinia akatuletea kingine, cha bluu.

Binamu yao wa Mombasa alipokuja harusini alilizunguka gari akiwa ameweka mikono nyuma. Kwao Kenya gari lililotumika lisizidi miaka 8 ndipo liruhusiwe kuingia nchini. "Hili kwetu lisingeteremshwa melini," akasema. Hazina akamjibu kwamba hili nalo haliteremki, linapanda tu, wewe twende Kimara ukaone.

Lakini unataka kusikia ya Muheza. Bi Mkubwa alikaa kwetu miezi, akataka kurudi nyumbani, akakataa basi. Anaye mkwe mwenye gari, apande basi majirani zake waseme nini? Tukaondoka alfajiri. Mbele mimi na Hazina. Nyuma Bi Mkubwa, Injinia, Trafiki, na Honi juu ya mapaja ya yeyote. Buti imejaa vitenge, panga jipya la shamba, na madafu. Ndiyo, madafu, tunayapeleka Tanga! Alipewa zawadi na mtu wa Mbagala, na zawadi haiachwi. Njiani alitusimulia habari za marehemu baba mkwe na Peugeot yake, jinsi alivyokuwa akiiosha Jumapili kisha akaikalia tu, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. "Alikuwa anakaa ndani yake barazani, ameshika usukani, ananisalimia," akasema Bi Mkubwa. "Raha tupu. Na mafuta hayaishi."

Chalinze tukapita vizuri. Wami tukateremka nikiwa na furaha ya mtu aliyeuona mteremko mrefu kuliko wote wa maisha yake. Tukavuka lile daraja la zamani, jembamba, la kupishana kwa zamu, kisha tukaanza kupanda upande wa pili.

"Baba," Trafiki akasema, "hicho kimshale kimefika kwenye H."

"Mwache baba anaendesha," akasema Hazina.

"Na kuna moshi."

"Baba hajali moshi."

Moshi ulipoziba kioo nikasimama pembeni. Gari limechemsha. Injinia alikwisha shuka, kanga ya dada yake mkononi, anakwenda kufungua mfuniko wa rejeta. Nilimrukia. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa shinikizo, yanapita nyuzi 100 bila kutokota. Fungua mfuniko, yanakurukia usoni yote kwa pamoja. Tukakaa chini ya mti mpaka lipoe, malori yanapita yanatupigia honi, Honi wetu anayajibu. Lilipopoa tukakuta rejeta ni kavu. Dumu la maji lilikuwa limeachwa Tabata ili madafu yapate nafasi. Chini kule mto Wami umejaa maji, na umejaa mamba pia.

Tukatazamana. Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye kitenge chake anakula mhogo wa kuchoma, hakuinua hata uso. "Si kuna madafu."

Injinia akaanza kupinga kitaalamu, akataja chumvi, akataja sukari. Bi Mkubwa akamwelekeza lilipo panga. Ndivyo tulivyokaa pembeni ya barabara kuu ya Tanga, shemeji anapasua, Trafiki anachuja kwa ushungi wa bibi yake, mimi namimina kwenye rejeta, na Honi anapewa nyama. Basi moja lilipunguza mwendo ili abiria waone vizuri. Gari tukalirudisha kinyumenyume kwenye mteremko, likawaka. Mshale ukatulia. Harufu ya kashata ikatufuata hadi Mkata.

Segera trafiki halisi alitusimamisha. Alikagua leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto, akaridhika. Nilikuwa nimezima injini kwa adabu. Nikatia ufunguo, dada wa Kijapani akasema yake, Bi Mkubwa akaitikia, gari likasema "tk". Yule askari akainama dirishani, akatafuta aliyezungumza, akaona vitambaa vya kufuma, akanusa. Hakuuliza kitu. Akatoa kofia, akaiweka juu ya boneti ya gari lake, akaja nyuma kusukuma. Injinia naye akashuka kumsaidia na kumweleza habari za plagi.

Gari liliuzwa 2018. Niliambiwa na Mangi wa dukani. Nilirudi kazini nikaona kile kijimteremko kitupu, nikamuuliza kama limeibwa, akasema, "Kwani Mama hajakuambia?" Mnunuzi alikuwa mtu wa Lushoto. Hazina alikuwa amemchagua kati ya wanunuzi watatu, kwa bei ndogo kidogo, kwa kuwa Lushoto milima haiishi. Hela ilikwenda Kinyerezi ikawa malumalu ya sebuleni, ya rangi ya chungwa. Vitambaa alivifua vikarudi kwenye makochi, vinaendana.

Siku hizi tuna Noah, gia za kujiendesha. Haisukumiki hata ikigoma, na dereva ni Hazina, ambaye alikuwa amejifunza udereva na kupata leseni wakati mimi nadhani yuko kwenye vikoba. Mimi nakaa nyuma, kati ya Bi Mkubwa na dumu la maji. Mkongojo wake uko kwenye magoti yangu.

Jumapili ya kwanza nilidai haki yangu, tukaenda Magomeni. Hazina akaegesha mbele kabisa ya mlango wa Bunge, kwenye tambarare safi, akazima, akawasha, akazima tena ili kila mtu aone. Bunge alitoka, akatupokea vizuri, akatandika jamvi, akaleta chai na maandazi. Tukala, tukacheka, nikaanza kuamini yameisha. Kisha akamwita mjukuu wake, akamnong'oneza. Mtoto akatoka mbio, akarudi anahema.

"Bibi, wazee wa bao wamesema leo hawasukumi mpaka walipwe kwanza."